Pijo ya babu uani Moa, na magari ya mbio tuliyoyasukuma "tu"

Leo siandiki habari za boom kuchelewa wala maji kukatika hosteli, hayo mnayajua kuliko mie. Leo ni historia, lakini si ile ya mkutano wa Berlin tuliyokaririshwa tangu sekondari. Ni historia ya magari ya mbio. Msikimbie basi, mnivumilie kidogo.

Chanzo ni ubishi. Tulikuwa tunajadili mada za semina, nikasema mie naweza kuandika juu ya Safari Rally. Mwenzangu mmoja akadakia: "Ile ilikuwa michezo ya Wazungu na Wahindi, sisi tulikuwa tunasukuma tu." Watu wakacheka, mjadala ukaisha. Mie haukuniishia. Maana jamaa ana ukweli, tena mkubwa. Ila hilo neno "tu" alilolibandika mwishoni ndilo lililoninyima usingizi.

Tuanze mwanzo. Mwaka 1953 Uingereza ilikuwa inamtawaza malkia wake mpya, Elizabeth, na walowezi wa Kenya wakataka kusherehekea kwa namna yao. Bwana mmoja wa Nairobi, Eric Cecil, alikuwa na binamu yake anaitwa Neil Vincent ambaye alichoshwa na mbio za kuzunguka uwanja wa Langa Langa kule Gilgil. Kuzunguka, kuzunguka, mwisho unarudi palepale. Yeye alitaka mtu aingie garini, afunge mlango, akate nusu ya Afrika na kurudi, na wa kwanza kufika nyumbani awe mshindi. Ndipo ikazaliwa Coronation Safari, kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari 57 yaliondoka. Yaliyorudi na kuhesabika kuwa yamemaliza yalikuwa 16.

Sasa hapa kuna jambo la kulishika. Magari yale yaligawanywa makundi kwa kufuata bei ya dukani. Yaani hukuja na chombo kilichoundwa kwa ajili ya mbio tu. Ulikuja na gari ambalo daktari anaendea hospitali na karani anaendea ofisini. Mwaka ule wa kwanza, gari linalotajwa sana ni Volkswagen ya mgongo wa kobe, iliyoendeshwa na Alan Dix na Johnny Larsen. Baadaye mashindano yakahamishiwa Pasaka, wakati masika inaanza, na mwaka 1960 jina likawa East African Safari. Masika ya huku kwetu hamhitaji kuelezwa. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yalianza zaidi ya 90, yakamaliza 7 tena!

Kwa hiyo swali halikuwa nani ana gari la mbio kuliko wote. Swali lilikuwa nani ana gari ambalo halitakatika vipande. Na gari lisilokatika haliletwi na meli kutoka Ulaya likiwa tayari. Linatengenezwa gereji, usiku, na mtu anayezijua barabara za huku. Ndiyo maana kwa miaka takriban 20, hadi Hannu Mikkola wa Finland aliposhinda 1972 na Ford Escort, hakuna dereva kutoka ng'ambo aliyewahi kuchukua kombe. Walikuja na timu za viwanda, na fedha, na vipuri kwenye masanduku. Wakashindwa na wenyeji.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Joginder Singh. Huyu alizaliwa Kericho mwaka 1932, baba yake fundi mwenye gereji, na yeye akakulia humohumo kwenye grisi. Aliwahi pia kuwa fundi wa doria wa chama cha wenye magari, kazi yake kuwaokoa waliokwama njiani. Hebu fikirini shule hiyo. Kila siku unaona ni kitu gani hasa kinachokatika katika gari la mtu, na kinakatikia wapi.

Mwaka 1964 kampuni ya Volvo ilileta gari zake aina ya PV544 kushindana, mambo hayakuwanyookea, wakakata tamaa na Safari. Gari moja kati ya zile zilizotumika likaishia mikononi mwa Joginder. Lilikuwa limeshapigwa vya kutosha, tena la muundo wa kizamani, mgongo umeinama kama kasa, maana chimbuko lake ni gari lililoanza kutengenezwa 1947. Joginder na nduguye Jaswant wakalifungua, wakalikaza upya kwa mikono yao, wakaingia nalo mwaka 1965, wakashinda. Gari lililokataliwa na wenyewe waliolitengeneza! Mwaka huohuo Volvo wakaacha kabisa kuunda PV544. Joginder akashinda tena 1974 na 1976, safari hizo na Mitsubishi Lancer, watu wakamwita Simba wa Kenya. Alifariki London mwaka 2013.

Upande wetu wa Tanzania tulikuwa na Bert Shankland. Mskoti, sawa, lakini kwake Dar es Salaam, akifanya kazi Tanganyika Motors waliokuwa mawakala wa Peugeot. Yeye na Chris Rothwell walishinda mwaka 1966, wakarudi wakashinda 1967, mara zote mbili na Peugeot 404. Na ile miaka miwili niliyoitaja ya magari 7, yaani 1963 na 1968, walishinda Nick Nowicki na Paddy Cliff, nao kwa 404. Hesabuni wenyewe: 404 mara nne katika miaka sita.

404 ndiyo Pijo, jamani. Pijo ileile ya teksi. Ile ambayo mama zetu walipanda kutoka Tanga wamebanana na kuku miguuni. Hapa ndipo historia ya semina inapogeuka kuwa ya nyumbani kwetu.

Kwetu ni Moa. Wasiopajua, ukitoka Tanga mjini shika njia ya Horohoro, kilomita kama 65 hivi hadi mpakani, na Moa iko upande wa baharini kabla hujafika Kenya. Wavuvi, mikoko, minazi, chumvi. Uani kwa babu yangu mdogo (mdogo wake babu mzaa mama) kuna banda la makuti, na chini ya banda kuna Peugeot 404 aliyoinunua ikiwa maiti. Ilikuwa teksi. Babu anaijenga iwe kama yale magari ya 1966 na 1967, na mie kila likizo ndiye mshika tochi. "Mke wangu, mulika hapa," ananiambia. Ni utani wa babu na mjukuu, msije mkanielewa vibaya.

Babu alijifunza ufundi kwenye karakana ya shamba la mkonge. Watu husahau kuwa mkonge haukuwa majani tu. Mwaka 1964 nchi yetu ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge, na shamba kubwa lilikuwa na mitambo ya kukamua, reli ndogo, matrekta na malori. Vyote vile vilitaka karakana yenye tanuri, mashine ya kuchongea vyuma na watu wanaojua kuitumia. Kwa maoni yangu zile karakana zilikuwa chuo kikuu cha kwanza cha ufundi Tanga, ila hazikutoa joho.

Mtu atauliza, unageuzaje teksi kuwa gari la mbio? Nitawaambia ninayoyaona.

Kwanza kutu. Moa upepo wa bahari unakula chuma mchana na usiku. Pijo haina chesesi ya kujitegemea kama lori, bodi yenyewe ndiyo mfupa, kwa hiyo sakafu ikioza gari zima linalegea. Babu alikata sakafu yote ya mbele akaacha tundu tupu, akachomelea bati jipya la milimita 1.2, na kwenye pembe zinazobeba uzito akaongeza kipande juu ya kipande. Hapo hakuna kufunika kwa puti. "Puti ni poda," anasema, "haishiki mfupa."

Injini nayo ina siri iliyonifurahisha mno. Silinda za 404 si matundu yaliyochongwa moja kwa moja kwenye bloku. Ni slivu, mabomba yanayochomolewa, na maji ya kupoozea yanayazunguka kwa nje. Zikiisha huhitaji kupeleka bloku mjini kuchongwa. Unazing'oa, unaweka mpya pamoja na pistoni zake, unazipima kimo ili zote nne zichomoze sawasawa, unafunga silinda hedi. Kazi hiyo inafanyika chini ya mwembe. Basi ndiyo maana Pijo hazikufa Afrika wakati kule Ulaya zimeshatupwa! Injini ya babu imetoka kwenye pikapu. Ufaransa waliacha kuunda 404 za saluni mwaka 1975, lakini Kenya waliendelea kuunganisha 404 hadi 1991, kwa hiyo spea babu anazifuata Mombasa. Anavuka Horohoro asubuhi, jioni amerudi na slivu nne zimeviringishwa kwenye kanga. Hedi yake ni ya aluminiamu, ikipata joto kali inapinda, kwa hiyo rejeta ameisafisha mara tatu na bado haiamini.

Kisha vile vitu vya Safari vyenyewe. Chini ya sampu amefunga sahani nene ya chuma ili jiwe lisipasue, na ameitoboa matundu ili hewa ipite na oili iweze kumwagwa bila kuifungua. Springi za nyuma ametafuta nzito zaidi. Taa za mbele ameongeza mbili kubwa, na hapo ndipo nilipojifunza kitu: taa nne za wati 55 ni wati 220, kwenye umeme wa volti 12 zinakula zaidi ya ampea 18, dainamo ya zamani haiwezi kulisha hizo pamoja na mengine yote. Babu akafunga alteneta ya Toyota. Gari la Kifaransa, moyo wa pikapu wa Mombasa, umeme wa Kijapani. Nikamwambia babu hii ni Jumuiya ya Afrika Mashariki kabisa, akacheka mpaka spana ikamdondoka.

Cha mwisho ni vishikio. Ukitazama picha za magari ya Safari ya miaka ile utaona nyuma, juu ya buti, kuna vyuma vya kushika, na kwenye bampa pahala pa kukanyaga. Havikuwa urembo. Gari likinasa kwenye tope, msaidizi wa dereva anashuka, anapanda pale nyuma, anaruka-ruka ili uzito ushuke kwenye magurudumu. Na wanakijiji wanashika wapi wakati wa kusukuma? Palepale.

Nilimweleza babu ule ubishi wetu wa chuo. Hakukasirika. Akasimulia alivyokuwa mtoto akakaa na ndugu wa baba yake Mombo, chini ya milima ya Usambara, na mashindano yakapita kupanda Lushoto. Mvua, utelezi, kona za Soni mnazijua wenyewe. Wao watoto na wakubwa walikuwa wamejipanga toka alfajiri. Gari moja likateleza likaingia mtaroni. Wazee wakaleta kamba ya mkonge, wakaifunga, mmoja akasimama pembeni akihesabu, wakalitoa kwa mivuto mitatu. "Dereva hakuhesabu," babu akasema. "Aliyehesabu alikuwa mtu wa Mombo. Kamba inataka uvute wote pamoja, la sivyo inakatika au inampiga mtu. Wale walikuwa wanafanya kazi hiyo kila siku na malori."

Hapo ndipo lile "tu" lilipoanza kulegea kichwani mwangu. Ukifungua orodha za matokeo ya miaka ile unakuta majina mawili kwa kila gari, dereva na msaidizi wake. Aliyechomelea sahani ya sampu hayumo. Aliyelala chini ya gari usiku kituoni akabadilisha springi kwa dakika chache hayumo. Aliyehesabu mivuto ndio kabisa. Sisemi dereva hakufanya kitu, Joginder alikuwa dereva hasa. Lakini Joginder mwenyewe alishinda kwa sababu alikuwa fundi kabla hajawa dereva, na gereji za Nairobi, Dar na Tanga hazikuwa na mafundi Wazungu na Wahindi peke yao. Walikuwamo wasaidizi, spana-boi, wachomeleaji, wengi wao Waafrika, na hao ndio waliobaki na ufundi wageni walipoondoka. Ubaguzi wa kazi ulikuwepo, wa mishahara ulikuwepo. Ndiyo sababu ya kuwatafuta, si sababu ya kuwaacha.

Mengine yaliyofuata mnayajua. Mwaka 1972 mashindano yalianzia Dar es Salaam, mwaka 1973 yakaingia katika ubingwa wa dunia, na katikati ya miaka ya 1970 yakabaki Kenya peke yake. Jumuiya ikavunjika 1977, mpaka ukafungwa, na haukufunguliwa hadi 1983. Kwa watu wa Moa huo haukuwa mstari wa kwenye ramani. Ni shangazi yuko Vanga humwoni, na ni spea ya Mombasa huipati. Mafuta yakapanda bei, serikali ikapiga marufuku magari binafsi kutembea Jumapili kuanzia saa 8 mchana, fedha za kigeni hakuna, duka la spea lina rafu tupu. Na Pijo zikaendelea kutembea. Babu anasema walikata gasketi kwa karatasi ngumu ya maboksi, bushi wakachonga kwa mpira wa tairi la lori. Ukiniuliza mie, ule ulikuwa mtihani mgumu kuliko Safari yenyewe, maana Safari ilikuwa siku chache, huu ulikuwa miaka.

Siku hizi magari ya zamani yamepata wateja. Tangu 2003 kuna East African Safari Classic, ambapo watu wanarudisha barabarani Porsche, Datsun na Ford za enzi zile, na miaka kadhaa wamevuka mpaka hadi Arusha. Wakenya wengine wanajenga wenyewe, mfano Ian Duncan, aliyeshinda Safari ya 1994 na Toyota Celica, akaja kushinda Classic na Ford Mustang mwaka 2009. Safari yenyewe nayo iliondolewa kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002, ikarudi 2021 kule Naivasha. Nafurahi, ila wengi wanaoingia Classic ni watu wenye pesa. Keji ya mabomba ndani ya gari, mikanda maalumu, tangi salama la mafuta, ada... Pijo ya babu haiendi huko na yeye hana mpango huo. Anataka kuipandisha Lushoto mara moja kupitia Mombo, aishushe, basi.

Shida ni kwamba uani kwake si kwake peke yake. Baba zangu wadogo wanataka nafasi ya kujenga vyumba viwili vya kupangisha, na mnunuzi wa chuma chakavu keshakuja mara mbili na mizani yake. Anapima kwa kilo. Sahani ya sampu aliyoipenda sana, kwa sababu nzito. Siwalaumu baba wadogo, chumba kinaleta kodi kila mwezi na Pijo inakula. Tumekubaliana mpaka mfungo wa Ramadhani uishe. Ikitembea, inabaki. Isipotembea, mizani.

Mpaka naondoka likizo hii injini imeshawaka, inanguruma vizuri, moshi mweupe umekoma. Gia zote nne zinaingia kwenye usukani. Kilichobaki ni breki: silinda kuu imekula kutu ndani na ringi za mpira hazipatikani Tanga, na Mombasa babu amezunguka maduka mawili bila mafanikio. Kwa hiyo, wagosi wenzangu na nyinyi wa Mombasa, mwenye kujua ilipo silinda kuu ya breki ya 404, hata iliyotumika alimradi isiwe na michubuko ndani, anishtue haraka. Na kama babu yako au baba yako alikuwa fundi au spana-boi kwenye gereji yoyote iliyohudumia magari ya Safari, Tanga, Korogwe, Moshi, popote, niambie jina lake na gereji. Nina daftari, nimeshaandika majina manne.

Nakimbilia lekcha ya saa 10.